Kesi Imekwisha kwa Makubaliano, Haki Yako Haijaisha: Kwa Wazanzibari Waliodhalilishwa Ughaibuni

Mama aliyeko Wete akipigiwa simu na mwanawe aliyeko Marekani, akaambiwa "wamekubaliana, kesi haiendelei," picha inayomjia ni ile anayoijua: wazee wawili watatu barazani, sheha pembeni, bahasha inapita chini kwa chini, na kila anayetaka kusema anazibwa mdomo kwa neno muhali, ile haya ya kuogopa kuwaudhi jamaa na majirani. Anajua basi, yamekwisha.

Hayajaisha. Makubaliano ya kukiri kosa, kama yanavyofanyika mahakama za Marekani, ni baina ya mwendesha mashtaka na mshtakiwa. Mshtakiwa anakiri, mara nyingi kwa kosa dogo kuliko lile aliloshtakiwa mwanzo, anapata adhabu nafuu, na serikali haina tena haja ya kuithibitisha kesi. Aliyedhalilishwa, yaani aliyefanyiwa ukatili wa kingono, hakutia saini, hakusamehe, na haki zake binafsi hazikuuzwa mle. Nayaandika haya kwa dada zetu walioko huko, na kaka zetu pia maana nao wamo, kwa sababu wapo waliokaa kimya wakidhani mlango umefungwa, na muda ukawapita.

Kwanza uliza: jaji ameshayapokea makubaliano? Ameshatoa adhabu? Haya ni mambo mawili, na huenda yakapishana kwa wiki au miezi. Kama adhabu bado, una nafasi ya kusema. Kwenye kesi za mahakama za serikali kuu, sheria ya haki za waathirika ya 2004 inakupa haki ya kuzungumza na mwendesha mashtaka, ya kuarifiwa mapema kuhusu makubaliano, na ya kusikilizwa na jaji. Kesi nyingi za udhalilishaji huendeshwa na majimbo, ambayo yana sheria zao, kwa hiyo muulize mratibu wa waathirika katika ofisi ya mashtaka ya eneo lako. Omba mkalimani wa Kiswahili bila kuona haya. Maneno kama haya hayatoki vizuri kwa lugha ya kuazima.

Usidharau maelezo hayo ya mbele ya jaji. Daktari Larry Nassar, aliyewadhalilisha wasichana wa mazoezi ya viungo, alikiri kwa makubaliano Michigan mwaka 2017. Januari 2018 zaidi ya wanawake 150 walitoa maelezo yao, mahakamani wenyewe au kwa maandishi, na dunia nzima ikasikia. Miezi michache baadaye chuo kikuu alichofanyia kazi kilikubali kulipa dola milioni 500, na mwaka 2021 yakaja makubaliano mengine ya dola milioni 380 na taasisi za michezo. Kukiri kwake hakukuwazuia kudai.

Huo ndio mlango mkubwa: kesi ya madai. Humo wewe ndiye mwenye kesi, na wakili ni wako. Kwenye jinai inatakiwa kuthibitisha bila shaka ya maana. Kwenye madai inatosha kuonesha kuwa maelezo yako yana uzito kuliko ya upande wa pili. Unaweza kumdai aliyekudhalilisha, na pia mwajiri, mwenye nyumba, chuo au hospitali iliyojua hatari ikanyamaza. Hapo ndipo huwa pana uwezo wa kulipa, kwa sababu mtu aliyeko gerezani mara nyingi hana kitu. Mawakili wengi wa kesi hizi hawachukui pesa mwanzo. Wanakata sehemu ya malipo mkishinda, hivyo isome asilimia hiyo kabla ya kusaini. Waweza pia kuomba mahakama ikuruhusu kutumia jina la kuficha, jambo ambalo kwetu, ambako Michenzani na Micheweni zinasomana ukurasa kwa ukurasa, si dogo.

Kabla ya kumwona wakili, chukua nakala za mahakama: waraka wa makubaliano, hukumu, na kumbukumbu ya maneno ya siku aliyokiri. Hiyo ya mwisho watu huisahau, na ndiyo dhahabu, kwa sababu siku hiyo huenda mshtakiwa alieleza kwa kinywa chake, chini ya kiapo, alichokifanya. Tazama pia alikiri vipi. Kukiri kosa moja kwa moja kwa kawaida hutumika dhidi yake kwenye madai. Kusema "sipingi mashtaka" ni jambo jengine, na mara nyingi hakutumiki hivyo.

Muda ndio adui. Kila jimbo lina ukomo wake. California, kwa mfano, kwa kawaida humpa mtu mzima miaka 10 tangu tukio la mwisho, au 3 tangu agundue madhara yake, ule utakaochelewa zaidi. Kwengine ni mfupi sana. Usingoje amalize kifungo.

Mbali na madai, jaji wa jinai anaweza kumwamuru mkosaji alipe gharama za matibabu na mshahara uliopotea. Maumivu yenyewe kwa kawaida hayahesabiwi humo. Kila jimbo lina mfuko wa fidia kwa waathirika wa jinai, na kesi kuishia kwenye makubaliano hakukunyimi nafasi ya kuomba.

Kama huna karatasi za ukaazi, kuna viza ya U, iliyoanzishwa na sheria ya 2000 kwa waathirika wanaoisaidia polisi au mashtaka. Haihitaji mkosaji awe ametiwa hatiani. Inahitaji fomu iliyotiwa saini na chombo cha sheria, na mwendesha mashtaka yuleyule aliyekukasirisha kwa makubaliano yake anaweza kuwa ndiye wa kuisaini. Ombi lazima lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu saini hiyo. Zinatolewa 10,000 tu kwa mwaka, foleni ni ya miaka, na ni vyema uwe na mwanasheria wa uhamiaji.

Walioko Uingereza: ukiona adhabu ni ndogo kupita kiasi, unaweza kumwomba Mwanasheria Mkuu aipitie ndani ya siku 28 tangu itolewe. Ombi la fidia ya serikali kwa kawaida lina ukomo wa miaka 2 tangu tukio.

Sasa nyumbani. Mkosaji akiwa si raia wa huko anaweza kurudishwa, na siku moja jamaa zako wakakutana naye Darajani. Amri ya jaji wa Marekani ya kumzuia asikukaribie haimpi askari wa Chake Chake nguvu ya kumkamata. Akitishia familia, nendeni dawati la jinsia na watoto la polisi, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, Unguja au Pemba, kwa ushauri.

Na muhali utakuja. Utapigiwa simu na shangazi, na mjomba, na mtu msiyejuana naye aliyepewa nambari yako msikitini, wakikuomba usimfungulie madai "mtoto wa watu" kwa kuwa ameshafungwa. Usitie saini karatasi yoyote ya kusamehe kabla wakili wako hajaisoma. Kusamehe moyoni ni baina yako na Mola wako. Saini ni jambo jengine, inaweza kukuondolea madai yote.

Na wewe mama wa Wete: ule ujumbe wa sauti aliokutumia usiku ule wa mwanzo, akilia, usiufute, na usibadilishe simu kabla ya kuuhifadhi pamoja na tarehe na saa yake. Wewe ndiye mtu wa kwanza aliyeambiwa, na wakili wake atautaka.