Land Rover 109 ni shilingi ngapi? Namna ya kuipima bei kabla hujatoa hela

Swali ninaloulizwa sana hapa Arusha si kama gari ni zima. Ni hili: "Kaka, nikipewa hii kwa milioni ishirini na mbili, nimepigwa?" Sijibu mpaka nimelala chini yake. Toyota IST ukijua mwaka, kilomita na hali ya bodi, bei yake unaikisia ukiwa umekaa kwenye daladala. Land Rover 109 haiko hivyo. Zinaweza kuwa mbili za mwaka mmoja, zimepigwa kijani kilekile, na moja ikawa na thamani mara mbili ya mwenzake. Tena mara nyingi ile inayong'aa ndiyo ya bei ya chini.

Niliendesha watalii miaka mingi kabla ya kuingia kwenye kazi hii ya kuwakagulia watu magari, kwa hiyo naandika kama mtu wa kaskazini. Soko la Dar lina mambo yake. Ninazungumzia Land Rover za springi za bapa, fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109, zikipimwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Difenda, Land Rover ya springi za koili iliyokuja baadaye, ni habari nyingine, nitaigusa nikifika kwa wanunuzi wa nje.

Kwanza ujue unauziwa nini

Muuzaji atakwambia, "Hii ni ya sitini na tano, orijino." Usibishane, zunguka gari. Magari haya yalitoka kwa matoleo: Series II ilitoka 1958, IIA ikafuata 1961, Series III ikaanza 1971 na kwenda hadi 1985. Chungulia ndani: saa za dashibodi zikiwa katikati, hiyo ni II au IIA, zikiwa mbele ya dereva, ni III. Shoo ya mbele ya III ni ya plastiki, za kabla yake ni wavu wa chuma. Taa kubwa zikiwa zimebanana hapo kwenye shoo, gari lilitengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya sitini. Baada ya hapo taa zilihamia kwenye fenda.

Lakini vyote hivyo vinafunguka kwa spana. Plastiki ikivunjika njia ya Loliondo, mtu anafunga wavu wa chuma aliouona gereji, na gari "linazeeka" miaka kumi kwa mchana mmoja. Namba iliyogongwa kwenye chesisi haifunguki kwa spana. Itafute upande wa kulia mbele, pale springi inapokamatwa. Nenda na brashi ya waya na mafuta ya taa kidogo, sugua mpaka isomeke, kisha linganisha na kibati kilichopo ndani ya gari na kadi. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi usiuamini peke yake, na namba ya usajili ndiyo haikusaidii kabisa: magari ya zamani yalipewa hizi namba za T mfumo ulipobadilishwa, kwa hiyo herufi zake hazisemi umri.

Usumbufu wote huu ni kwa sababu kuna wanunuzi wa aina mbili. Mmoja anataka gari la kupeleka mbegu shambani Mbulu, huyo hajali kama ni IIA au III. Mwingine anakusanya, na huyo ataongeza hela kwa namba zinazokubaliana, vibati vilivyobaki mahali pake na injini iliyozaliwa na gari. Muuzaji anataka bei ya mkusanyaji kwa gari la shamba. Kazi yako ni kujua lililo mbele yako ni la nani.

Lala chini

Bodi ya Land Rover ni alumini. Waingereza walianza nayo 1948 kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao. Ndiyo maana muuzaji atakugongea mlango kwa kiburi akisema haina kutu hata chembe, na atakuwa anasema kweli. Kutu iko kwenye chesisi na kwenye ukuta kati ya injini na dereva, ambavyo ni chuma.

Watu huja na sumaku kama walivyofundishwa kwenye magari mengine. Hapa inafanya kazi kinyume. Kwenye fenda na ubavuni haitakiwi kunasa; ikinasa, kuna fundi alikata bati la kawaida akaziba. Na kwa kuwa alumini hainasi sumaku, haiwezi kukuonyesha penye fila, ule uji wa kujazia mabonde kabla ya rangi. Fila isikilize kwa kucha: gonga polepole ukielekea kwenye tuta la tairi, mlio ukifa ghafla hapo pamejazwa. Ukiona unga mweupe pale alumini inapokutana na chuma, hilo ni tatizo lake la kawaida, punguza bei kidogo na uendelee.

Chukua nyundo ndogo uingie chini. Anza na boriti ya nyuma kabisa, ile inayoshika ndoano ya kuvutia, toka kona hadi kona. Chuma kizima kinajibu "ngi!" na kuirudisha nyundo mkononi. Kilicholiwa kinajibu "pu", na unga mwekundu unakudondokea machoni. Kisha gonga mikono inayotoka ubavuni mwa chesisi kushika bodi, kisha juu ya tangi la mafuta ambako matope hulala, kisha vishikio vya springi. Ukikuta chini kote kumepakwa lami nyeusi mbichi wiki hiyohiyo ya kuuza, chokoa kwa bisibisi. Mwenye gari akikukataza kuchokoa, amekwambia kitu kuhusu bei yake.

Inua mkeka pale miguu ya dereva inapokaa. Mashimo ya hapo hayazuii gari kutembea, ila kuyaziba vizuri ni kazi ya siku kadhaa, na fundi mvivu atakuchomea bati juu ya kutu. Nguzo za milango nazo zitikise: mlango ukifunguliwa ukashuka, usikimbilie kulaumu bawaba.

Gari lililokaa Tanga au Bagamoyo limekula chumvi. Lililokaa Longido limekula vumbi: springi zimelala, bushi hakuna, viti vimechanika, lakini chesisi ni kavu. Mimi nichagulie la Longido, hata likiwa na sura mbaya.

Injini sitakaa nayo sana, maana kila mtu anajua kusikiliza injini. Fika asubuhi, weka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, wamekutangulia kuiwasha, panga siku nyingine. Ikishawaka fungua kifuniko cha oili: moshi ukipuliza kwa mapigo, hiyo inaomba ovahoo. Ile ya lita 2.25, iwe petroli au dizeli, kuanzia 1980 krankishafti yake inakaa kwenye beringi tano badala ya tatu, na hiyo inastahili nyongeza kidogo. Kwenye gia, IIA kugongagonga ukiingiza namba moja na mbili ndivyo ilivyotengenezwa, usikate bei kwa hilo. Gia kuchomoka yenyewe ukiachia mafuta kwenye mteremko, hapo kata. Angalia pia ile mipira ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele: ikiwa na vishimo, itavuja oili hata ubadilishe sili kila mwezi.

Injini ya Isuzu au Nissan iliyofungwa humo? Kwa mtu wa shamba ni faida, kwa mkusanyaji ni hasara. Kwa wote wawili, namba yake iwe imeingia kwenye kadi.

Hesabu inakwenda kinyumenyume

Wengi wanaanza na bei ya muuzaji halafu wanaomba apunguze. Anza na gari zuri kama hilo, lililonyooka, ambalo limeuzwa kweli karibuni. Nasema limeuzwa. Tangazo lenye "maongezi yapo" lililokaa miezi sita linakuonyesha bei ambayo watu wameikataa. Bei ya kweli iko kwa mafundi chesisi na mafundi bodi, kwa sababu mnunuzi akitoka kulipa hupitia kwao na husema alilipa ngapi. Waulize watatu wasiojuana.

Sasa chukua mfano. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu, weka za mtaani kwako. Tuseme 109 Series III iliyonyooka imeuzwa milioni 28. Uliyoiona wewe inauzwa milioni 22. Orodhesha kinachotakiwa ili yako ifanane na ile: boriti ya nyuma na mikono miwili, na ufundi wake, milioni 2.5; sakafu ya miguuni milioni 1.2, ovahoo milioni 4, matairi matano kwa laki tatu na nusu kila moja, milioni 1.75, breki laki sita, waya laki tano, kuhamisha umiliki na kunyoosha karatasi laki saba. Jumla milioni 11.25. Ongeza moja ya tano kwa ajili ya yale utakayoyakuta bodi ikiinuliwa, kwa sababu hujawahi kuinua bodi ya zamani ukakuta pungufu ya ulivyotarajia: milioni 2.25. Toa milioni 13.5 kwenye 28, unabaki na 14.5.

Hiyo 14.5 ndiyo bei ya haki. Milioni 22 ni bei ya gari lile lingine.

Bei za spea usizikisie. Piga simu Gerezani, Dar, uulize na nauli ya basi. Na rangi mpya usiihesabu kabisa upande wa nyongeza. Mimi huiweka upande wa mashaka. Vya kuongezea bei ni vile visivyopatikana kirahisi: paa la pili la juu, lile la kuzuia jua, likiwa halijapindika, overdraivu ya Fairey, ile gia ya ziada ya kupumzisha injini kwenye lami, ikiwa inaingia na kutoka bila kelele, vibati vya kiwanda, kitabu cha gari cha mwenye gari wa kwanza. Taa za kisasa na redio, mwambie abaki navyo.

"Ulaya hii inauzwa mamilioni"

Hili utaambiwa tu, na simu itatolewa uoneshwe. Ni kweli, ila bei ile ina mambo ndani yake. Uingereza gari lililopita miaka 40 huondolewa kodi ya barabara, kwa hiyo huko lina wateja ambao huku halina. Marekani inaruhusu gari la nje kuingia likishatimiza miaka 25, na hapo ndipo Difenda zilipopanda: kila mwaka mpya unaingia kwenye ruhusa, na zile zenye injini za dizeli za 200Tdi na 300Tdi zikasakwa. Mnunuzi wa nje naye atatoa kwenye bei yake kontena, meli, ushuru wa kwake, na hofu ya kununua asichokigusa. Muuzaji akisisitiza bei ya Ulaya, mwambie kwa heshima ampelekee huyo Mzungu. Tangu tamasha la Land Rover la Arusha la 2024 hadithi hii imezidi; kila mwenye 109 iliyoota majani sasa ana mjomba Uingereza.

Karatasi zina uzito wa chuma

Magari mengi ya aina hii yana kadi ya mtu aliyefariki. Unafika Usa River, unampa mama shikamoo, anakukaribisha chai, anakwambia baba yao alilipenda sana hilo gari, na watoto wote wamekubali liuzwe. Sikiliza, kunywa chai, halafu uliza kwa upole: "Mama, msimamizi wa mirathi ni nani?" Asipokuwepo aliyeteuliwa na mahakama, hakuna wa kukuuzia, hata kwa bei ya kutupa. Warudishie heshima yao, waambie utasubiri. Mtoto wa nne aliyeko Mwanza ndiye huja kukumbuka gari baada ya wewe kulipiga rangi.

Lililotoka serikalini au shirika la umma, lile lenye namba za STK au SU, dai karatasi za mnada. Lenye namba za Kenya, hata lile lililounganishwa kiwandani Thika, dai karatasi za forodha kabla hata hujainama. Unafuu wake mara nyingi ni ushuru ambao haujalipwa. Deni la faini za trafiki liangalie mwenyewe kwa namba ya gari.

Mkikaa mezani

Usiseme gari bovu. Mzee aliyeliendesha miaka thelathini hataki kusikia hivyo, na akikasirika bei haishuki tena. Toa karatasi yako ya hesabu, msome pamoja mstari kwa mstari. "Mzee, boriti hii fundi amesema milioni mbili na nusu, wewe unaonaje?" Atabishia mistari miwili, mitatu ataikubali, na mnajikuta mnajadili boriti, hamjadili hadhi yake. Anza na 13, ukijua mwisho wako ni 14.5. Akikomea 16 na chesisi, ukitoa ile boriti na mikono miwili, ni ya kulia "ngi" mwanzo hadi mwisho, mimi ningempa. Chesisi nzima hazirudi sokoni mara nyingi. Akikomea 16 na chesisi ina lami mbichi, shika mkono wake, aga.

Dalali mlipe baada ya kadi kubadilika, na mkubaliane mapema ni nani anamlipa. Kishika uchumba kisizidi hela unayoweza kuisahau, na kiandikiwe. Mkataba wa mauziano ushuhudiwe na wakili, wenye namba ya chesisi na ya injini kama ulivyozisoma wewe mwenyewe kwenye chuma, si kama zilivyo kwenye kadi tu. Salio lipia benki siku mnayokwenda TRA pamoja, kadi halisi ikiwa mkononi mwako. Na kabla hujaondoka uani kwake, omba kuangalia stoo: jeki, mpini wa kuwashia kwa mkono na milango ya akiba huwa imelala humo, na haijaingia kwenye bei ya mtu yeyote.