Iandae redio yako kabla ya masika

Umeme ukikatika Dar es Salaam usiku wa mvua kubwa, mnara wa simu hubaki hewani kwa muda ambao betri au jenereta yake itahimili, na wakati huohuo mtaa mzima unapiga simu. Redio haina msongamano: wasikilizaji wawe kumi au laki moja, mawimbi ni yaleyale. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa itakufikia hata bando likiisha, mradi redio yenyewe ni nzima. Masika huanza Machi, kwa hiyo ishughulikie Februari.

Anza na betri, maana hapo ndipo redio nyingi hufia. Fungua kifuniko uangalie springi. Ukikuta unga mweupe au kutu ya kijani, betri zilivuja, na hewa ya chumvi ya pwani huzidisha kutu hiyo. Vaa glavu, kwangua kwa msasa laini mpaka chuma king'ae, futa kwa pamba yenye spiriti, acha pakauke. Redio inayozima ukiigusa mara nyingi shida yake ni hiyo tu, usikimbilie kuitupa. Weka betri mpya zote kwa pamoja. Iliyochoka ikichanganywa na mpya huisha kabisa na kuvuja. Redio ikikaa wiki kadhaa bila kutumika, zitoe.

Kisha usikivu. Bati na nondo za zege huzuia mawimbi ya FM, kwa hiyo sogeza redio dirishani kwanza, vuta antena yote, izungushe polepole. Ikiendelea kukwaruza, ongeza waya. Gawa 7500 kwa namba ya stesheni kwenye FM upate urefu wa waya kwa sentimita: stesheni ya 100 inataka sentimita 75, ya 90 inataka 83. Ongeza sentimita tatu za kumenya ganda la plastiki, zungushia shaba kwenye ncha ya chini ya antena ikiwa imesukumwa yote ndani, ning'iniza waya wima; usipopata nafuu, ulaze. Usiupeleke juu ya paa wala karibu na nyaya za umeme, na radi zikianza uchomoe.

Posta na Kariakoo shida huwa kinyume: mawimbi ni makali mno, redio ya bei rahisi inazidiwa, unasikia stesheni mbili zikigombana. Hapo waya utaharibu zaidi. Fupisha antena mpaka sauti itulie.

Simu yenye FM nayo inafaa, ila lazima uchomeke spika za masikioni za waya, kwa sababu waya huo ndio antena. Za bluetooth hazisaidii. Kusikiliza kwa intaneti ni jambo jingine: matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa, na huchelewa. Mechi ya Simba na Yanga utasikia jirani anashangilia bao ambalo kwako halijafungwa.

Mwisho andika namba ya FM ya TBC Taifa na ya stesheni nyingine mbili za mtaani kwako kwenye karatasi, ibandike mgongoni mwa redio. Jioni moja zima swichi kuu ya nyumba, usikilize taarifa ya habari yote. Sauti ikififia kabla haijaisha, rudi kwenye springi.