Kupima shingo ya atomu moja kwa nyaya mbili za dhahabu

Waya wa kawaida ukiwa mrefu mara mbili kwa unene uleule, ukinzani wake nao huongezeka mara mbili. Hesabu hiyo hukoma waya unapokuwa mfupi kuliko mwendo wa elektroni kabla haijagonga kitu. Kwa dhahabu, katika joto la chumbani, mwendo huo ni kama nanomita 40. Chini ya hapo kinachoamua ni upana wa shingo, yaani sehemu nyembamba kabisa ya waya: je, mawimbi ya elektroni yana njia ngapi za kupenya? Njia moja iliyo wazi kabisa hupitisha 2e²/h (e ni chaji ya elektroni, h ni namba ya Planck), yaani mikrosiemensi 77.5, ukinzani wa oumu 12,906.

Mwaka 1988 watafiti wa Delft, Uholanzi, na wa Cambridge, Uingereza, waliuona upitishaji ukipanda hivyo kwa vidato, kama ngazi, katika galiumu asenidi (kipitishi nusu) iliyopozwa chini ya kelvini 1. Dhahabu haidai baridi hiyo, kwa kuwa wimbi la elektroni zake lina urefu wa nusu nanomita tu. Meza na osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyobadilika kwa wakati, vinatosha.

Tafuta vipande viwili vya waya wa karati 24, unene milimita 0.1 hadi 0.25. Sonara anaweza kukutengenezea waya huo kwa kuuvuta. Karati 18 ina metali nyingine, na hutajua ni atomu ipi imekaa shingoni. Sugua kwa spiriti, kisha usiguse tena kwa vidole. Vikalishe kwa kupishana kama msalaba, kimoja kimebanwa, kingine juu ya ukanda wa plastiki unaonesa, vigusane kwa shida.

Saketi: unga betri ya volti 1.5 na rizista za oumu 1,500 na 100 kwa mfuatano, upande chanya wa betri uende ardhini pamoja na mguu mmoja wa ile ya 100. Juu ya rizista hiyo utapata takriban milivolti 94. Peleka kwenye waya wa kwanza. Waya wa pili uingie mguu hasi wa amplifaya TL071. Mguu chanya uende ardhini, na rizista ya kiloumu 100 irudi kutoka tokeo hadi mguu hasi. Ilishe kwa betri mbili za volti 9. Kati ya dhahabu na amplifaya usizidishe sentimita 5, maana kebo ndefu huongeza kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) na vidato huyeyuka.

Weka osiloskopu kwenye mikrosekunde 20 kwa kila mraba, inase mara moja tokeo likishuka kupita volti 0.4. Gonga meza. Nyaya zikigusana sana tokeo hukwama juu kabisa. Usiamini chochote karibu na dari hiyo. Tazama mkia: kidato cha kwanza husimama volti 0.72, cha pili 1.43, cha tatu 2.13. Havilingani sawasawa kwa sababu oumu 94 za kigawanyio zimo njiani pia. Betri mpya ikitoa 1.6, namba zote hupanda kwa kiwango hicho.

Mstari ukianguka wima, nyaya zimeachana haraka mno, gonga taratibu. Ukiteleza kama mteremko laini hadi sifuri, kuna mafuta, safisha upya.

Mchoro mmoja mzuri hauthibitishi kitu. Kusanya michoro 1,000, uichore yote bila kuchagua katika histogramu, yaani mchoro unaoonyesha kila thamani imetokea mara ngapi. Kilele cha 1 (yaani 2e²/h moja) huwa chembamba. Cha 2 na cha 3 hupanuka na kuvutwa chini kidogo, kwani baadhi ya elektroni hurudishwa na kasoro zilizo karibu na shingo. Shingo inayopanuka polepole kama faneli hurudisha chache kuliko iliyokatwa ghafla. Na usiihukumu alumini kwa kipimo cha dhahabu: atomu yake moja ina njia tatu zilizofunguka nusunusu, kwa hiyo jumla ikikaribia 1 haina maana kwamba njia ni moja.

Ukivuta polepole sana katika baridi kali, dhahabu hujipanga mnyororo wa atomu mojamoja. Vipimo vya 1998 vilionyesha kuwa hata mnyororo ukirefuka kwa atomu kadhaa, upitishaji hubaki karibu na kidato kilekile kimoja.