Begi Lije Mwisho: Kumwandaa Mtoto kwa Shule ya Marekani

Mwezi wa saba ukifika, rafu za Walmart na Target hujaa madaftari na penseli za rangi, na wazazi wengi tuliotoka Afrika Mashariki hukimbilia huko kwanza. Tunanunua begi, tunanunua viatu, mtoto anapendeza. Kisha siku ya kuandikisha karani anaomba rekodi ya chanjo, kumbe kadi ya kliniki imebaki Kigoma kwa bibi. Mimi nashauri mpangilio mwingine: makaratasi kwanza, halafu mambo ambayo mtoto anapaswa kuyajua kabla hajakanyaga darasani, halafu nguo za baridi. Begi lije mwisho. Likikosekana, mtoto ataingia darasani vilevile, lakini chanjo zikikosekana anaweza kuzuiwa mlangoni.

Nazungumzia shule za umma, zisizotoza ada, kwa sababu ndizo wanazosoma watoto wetu wengi, wawe wa familia za Wakenya walioko Minnesota na Texas au za Wakongo waliopokelewa Kentucky na Ohio. Kila jimbo lina kanuni zake, na kila wilaya ya shule ina kalenda yake. Wengine hufungua katikati ya Agosti, wengine husubiri hadi ipite Siku ya Wafanyakazi, ambayo Marekani huangukia Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kwa hiyo tovuti ya wilaya yako lazima uisome.

Bahasha ya makaratasi

Shule ya umma humpokea mtoto kulingana na mahali anapolala. Ndiyo maana wanataka mkataba wa nyumba, au bili ya umeme au ya maji, yenye jina la mzazi. Kama mmefikia kwa ndugu na mkataba una jina lake, mwambie karani wazi. Wilaya nyingi zina fomu ambayo mwenye nyumba hutia saini kuthibitisha kwamba mnaishi kwake. Na kama mmebanana kwa ndugu kwa sababu mmepoteza nyumba au hamna uwezo wa kupanga, taja sheria ya shirikisho iitwayo McKinney-Vento. Chini ya sheria hiyo mtoto huandikishwa mara moja, hata kama makaratasi hayajakamilika.

Wapo wazazi wanaomficha mtoto nyumbani kwa hofu ya uhamiaji. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mtoto anapoteza miaka ambayo haki yake ilikwisha kuamuliwa zamani. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu hana karatasi za ukaazi. Fomu ikiuliza namba ya Social Security, yaani namba ya utambulisho inayotolewa na serikali, una haki ya kuacha nafasi hiyo wazi.

Sasa jina. Kwetu mtoto anaweza kuwa na jina la dini, jina la babu na jina la baba, cheti cha kuzaliwa kikayapanga hivi na pasipoti ikayapanga vile. Marekani jina linaloandikwa siku ya kwanza ndilo litakalomfuata hadi cheti cha kumaliza sekondari. Kaeni mkubaliane mapema, kisha hakikisheni shule, hospitali na rekodi ya chanjo zote zina mpangilio mmoja wa majina, herufi kwa herufi. Na mtoto umwambie kwamba anaruhusiwa kumsahihisha mwalimu anayelikosea jina lake. Kama ni Nyambura, mwalimu ajifunze kusema Nyambura. Anaweza, akisaidiwa mara mbili tatu.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina uzito wake, kwa kuwa mtoto hupangwa kwa umri: miaka mitano ni chekechea, sita ni gredi ya kwanza, na kuendelea. Watoto wengi waliopitia kambi za wakimbizi waliandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu tarehe halisi haikujulikana. Ikiwa mwaka wenyewe umekosewa, mtoto wa miaka kumi anaweza kuwekwa na wa kumi na miwili. Mwone mapema afisa wa shirika lililowapokea, maana kurekebisha tarehe kunachukua muda.

Kwa vijana wa sekondari, usisafiri bila ripoti za shule za miaka yote iliyopita, zenye muhuri, pamoja na matokeo ya mitihani ya taifa (NECTA au KNEC) kama yapo. Sekondari ya Marekani huhesabu pointi (credits) za kila somo alilofaulu mwanafunzi, na akifikisha idadi inayotakiwa ndipo anahitimu. Kijana wa miaka kumi na saba aliyemaliza kidato cha tatu bila karatasi yoyote anaweza kuanzishwa gredi ya tisa pamoja na watoto wa miaka kumi na minne. Hizo ripoti zinaweza kumwokolea miaka miwili. Za Kongo au Burundi zilizoandikwa kwa Kifaransa zitafutie tafsiri. Na kama kijana amepitwa na umri, uliza jimbo lako linaruhusu hadi miaka mingapi. Majimbo mengi huishia 20 au 21, kwa hiyo asikate tamaa kabla hajauliza.

Chanjo: mahali wengi wanapokwama

Mtoto wa kwetu huja amechanjwa vizuri, lakini ratiba hazilingani. Kenya na Tanzania watoto hupewa chanjo ya surua na rubela. Marekani wanataka ile inayojumlisha na matumbwitumbwi, kwa hiyo karibu hakika ataongezewa. Tetekuwanga haimo katika ratiba yetu ya kawaida, na shule zinaidai. Matone ya polio ya mdomoni yaliyotolewa kuanzia Aprili 2016 hayahesabiwi, kwa sababu tangu hapo yana aina mbili za kirusi badala ya tatu, ingawa sindano ya polio inahesabiwa. Mzazi asipojua haya hudhani daktari anarudia chanjo kwa uzembe, akagoma, na mtoto akakaa nyumbani.

Halafu kuna BCG, ile inayoacha kovu mkononi. Marekani hawaitoi kwa watoto wote, na mtu aliyeipata anaweza kuonekana ana kifua kikuu akipimwa kwa kipimo cha ngozi. Onyesha kovu, kisha omba kipimo cha damu, ambacho hakichanganywi na BCG. Kwa kufanya hivyo unaweza kumwepusha mtoto na eksirei na dawa ambazo hakuzihitaji.

Kama hamna bima, ulizeni zahanati ya kaunti kuhusu mpango wa Vaccines for Children. Tangu 1994 mpango huo hutoa chanjo bure kwa watoto hadi miaka 18 wasio na bima au walio kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini. Na ile kadi ya kliniki, hata iwe imechakaa vipi, ipige picha pande zote kabla hujapanda ndege.

Fomu ya lugha

Kati ya karatasi utakazojaza kuna moja inayouliza mtoto alianza kusema kwa lugha gani na nyumbani mnazungumza nini. Wazazi wengi huandika Kiingereza, kwa kuogopa mtoto atawekwa nyuma. Tafadhali andika ukweli. Fomu hiyo ndiyo inayomfungulia mtoto mtihani wa kupima Kiingereza chake, na akionekana anahitaji msaada, sheria inailazimu shule kumsaidia. Msingi wa haki hiyo ni kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya mwaka 1974, iliyofunguliwa na familia za Wachina wa San Francisco. Mtoto mwenye Kiingereza kizuri cha Nairobi au Kampala atapita mtihani na kuendelea na safari yake. Asiyekijua vizuri atapata mwalimu wa ziada, na akishaimarika hutolewa kwenye mpango huo. Hata ukiamua kuukataa msaada, uamuzi ni wako, lakini uukatae baada ya kuona matokeo.

Haki hii inamhusu mzazi pia. Shule inapaswa kukupa mkalimani wa Kiswahili kwenye mikutano muhimu, bure, ana kwa ana au kwa simu. Usimfanye mtoto wako mkalimani wa kikao kinachomjadili yeye mwenyewe. Anabebeshwa mzigo wa watu wazima, na wakati mwingine hatakwambia yote.

Ayajue kabla hajaingia darasani

Kwetu mtoto mwenye adabu huinamisha macho mkubwa anapomsemesha. Marekani mwalimu anaweza kudhani anaficha kitu au hasikilizi. Mfundishe kwamba akiwa shuleni kumtazama mwalimu usoni si utovu wa adabu, na akirudi nyumbani heshima ya nyumbani iko palepale. Watoto wana akili, hutenganisha mambo haya haraka kuliko tunavyodhani. Vivyo hivyo kuuliza swali: kule kunyoosha mkono na kusema hujaelewa huhesabiwa kuwa bidii.

Kwa mdogo asiyejua Kiingereza, achana na orodha ndefu za msamiati. Mpe sentensi chache azitamke bila kusita: "May I go to the bathroom?", "I don't understand", "My stomach hurts", "Please stop". Ajue pia jina kamili la mzazi, anwani, namba ya simu na namba ya basi lake. Wakubwa waonyeshwe kwamba 9/3 ni tarehe 3 Septemba, kwamba joto hupimwa kwa Farenhaiti na urefu kwa inchi na futi. Mtoto hodari wa hesabu anaweza kuanguka mtihani wa kwanza kwa sababu ya vipimo hivi tu.

Kuna jambo zito ambalo lazima mtoto aambiwe mapema. Shule za Marekani hufanya mazoezi ya kujifungia darasani, taa zikazimwa na watoto wakakaa kimya sakafuni, kujiandaa kwa tukio la mtu mwenye silaha. Mtoto aliyetoka Goma, Beni au Bujumbura, aliyewahi kusikia risasi za kweli, anaweza kurudishwa kwenye hofu ile kwa dakika moja. Mweleze nyumbani, kwa lugha yake, kwamba ni mazoezi. Kisha umwandikie mwalimu umweleze mtoto alikotoka, na umwombe akupe taarifa kabla ya siku hiyo.

Lingine ni kiboko. Mwalimu na nesi wa Marekani wanapoona alama zinazoonekana ni za kupigwa mwilini mwa mtoto, hawana hiari: sheria inawataka waripoti kwa idara ya ustawi wa watoto. Kama mtoto ana makovu ya chale au ya kuungua tangu utotoni, mwonyeshe nesi mapema na umweleze. Dawa nazo, hata Panadol, hazikai kwenye begi la mtoto. Hupelekwa na mzazi kwa nesi pamoja na fomu ya daktari.

Nguo, chakula, begi

Shule nyingi za umma hazina sare, jambo linaloonekana ni nafuu hadi mtoto aanze kutaka viatu vya wenzake. Kwa nguo za kila siku nendeni maduka ya mitumba kama Goodwill. Fedha zenu zitunzieni baridi. Katika majimbo ya kaskazini watoto hutolewa nje kucheza hata kwenye theluji, kwa hiyo anahitaji koti zito, suruali ya theluji ya kuvaa juu, buti zisizoingiza maji, kofia na glavu jozi mbili, maana moja itapotea. Andika jina kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kila kitu. Walioko Texas wasubiri ile wikiendi ya Agosti isiyo na kodi ya mauzo, ambapo nguo, viatu na mabegi ya shule ya chini ya dola 100 kila kimoja hayatozwi kodi.

Chakula cha mchana jaza fomu hata kama una kazi nzuri. Familia zenye kipato cha chini hula bure, zilizo juu kidogo hulipa si zaidi ya senti 40, na majimbo kama California, Maine na Minnesota huwalisha watoto wote bila malipo. Kama hamli nguruwe, usitegemee mtoto atatambua mwenyewe. Waandikie watu wa jikoni na mwalimu, na umwonyeshe mtoto maneno "pork", "ham", "bacon" na "pepperoni" kwenye menyu.

Mahitaji ya darasa fuata orodha ya shule, usibahatishe. Utaona boksi za tishu na gundi nyingi kuliko mtoto mmoja awezavyo kutumia. Hivyo ni vya darasa zima, usishangae vikikusanywa. Kama huwezi kuvimudu, mshauri wa shule mara nyingi ana mabegi yaliyojaa tayari. Mwombe bila aibu.

Safari ya kwenda kusalimia

Likizo ya Desemba Marekani ni kama wiki mbili tu, nasi tukienda nyumbani tunataka mwezi mzima. Mwaka wa shule una takriban siku 180, na mtoto anayekosa asilimia kumi, yaani siku 18, huhesabiwa kuwa amekosa shule kupita kiasi hata kama alikuwa msibani. Baadhi ya wilaya humfuta kwenye orodha akipita idadi fulani ya siku mfululizo, ikabidi aandikishwe upya. Ukiweza, safiri Juni hadi Agosti. Ikiwa ni lazima Desemba, mwandikie mkuu wa shule mapema, omba kazi za kubeba, na uulize kwa maandishi ni siku ngapi zinamfanya mtoto apoteze nafasi, kabla hujanunua tiketi.