Namna ya Kujenga Nadharia Kuhusu Gunnerkrigg Court

Katika katuni nyingi za mtandaoni, msomaji anayependa kukisia yajayo hujiuliza tu nani atafanya nini. Katika Gunnerkrigg Court, ambayo Mwingereza Tom Siddell alianza kuitoa mwaka 2005, swali hilo halitoshi. Humo yumo Coyote, mlaghai mwenye nguvu za kiungu anayetawala msitu wa Gillitie, ambaye humfunulia msichana Antimony Carver, mhusika mkuu wa katuni hiyo, siri yake kubwa: kwamba yeye na viumbe wa aina yake wametokana na akili za wanadamu waliowawaza na kuwasimulia. Ikiwa asemayo ni kweli, basi hadithi si taarifa ya mambo yaliyokwisha kutokea bali ndiyo iliyoyazaa, na msomaji anayedhani kitu kuhusu ulimwengu huo anahitaji utaratibu wa kukipima. Utaratibu ninaoutumia ndio huu. Ambaye hajaisoma katuni yenyewe na aisome kwanza, maana mifano yangu inafichua mambo mazito ya sura za katikati.

Mara ya kwanza soma kwa raha, bila nadharia yoyote. Mara ya pili chukua daftari, ugawe kila ukurasa sehemu tatu: yaliyochorwa yakitendeka, yaliyosemwa pamoja na jina la aliyeyasema, na yale unayoyadhani wewe. Sehemu ya pili ndiyo inayowaponza wengi. Coyote aliwahi kumwambia Antimony kwamba lengo la Court, yaani ile shule kubwa kama mji, anakosoma Antimony, iliyotengwa na msitu huo kwa mto Annan, ni jitihada za mwanadamu za kutaka kuwa Mungu. Maneno hayo hunukuliwa na wasomaji kana kwamba ni maelezo ya mwandishi, ilhali ni maneno ya jirani mwenye ugomvi wa mpaka na shule hiyo. Huenda ni kweli tupu, lakini katika daftari yanakaa chini ya jina la Coyote, na hayahamishwi hadi shahidi mwingine asiye na maslahi ayathibitishe au tuone kwa macho yetu. Sisi tuliokua tukiitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea" tuna faida ndogo hapa, kwani tangu utotoni tumezoea kuikaribisha hadithi pamoja na uongo wake bila kuvichanganya.

Baada ya hapo chagua jambo moja la kulifanyia nadharia, na liwe dogo kuliko unavyotamani. Nami nitoe mfano wa kosa langu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba Jones, yule mwanamke asiyeonyesha hisia, asiyechoka wala kuumizwa na chochote, alikuwa roboti lililoundwa na Court zamani. Daftari langu lilinipa ushahidi mwingi: nguvu zake, utulivu wake, na ukweli kwamba maroboti ni jambo la kawaida mahali pale. Kisha ikaja sura ambamo Jones anaonyeshwa akitembea duniani enzi ambazo hapakuwa na binadamu wa kuunda hata nyundo, na nadharia yangu ikafa siku hiyo hiyo. Ushahidi wote nilioukusanya ulikuwa sahihi, ila ulilingana vilevile na maelezo mengine ambayo sikujishughulisha kuyatafuta. Tangu hapo, kila ninapoandika sababu ya kuamini jambo, huandika kando yake maelezo mengine mawili yanayoweza kuzaa dalili zile zile.

Jones huyo huyo ndiye kipimo kigumu kuliko vyote vya siri ya Coyote, na hapa ndipo inapofaa kukaa muda mrefu. Mtu angetaraji kwamba umri wake mkubwa ungelimaliza suala: muulize aliyekuwapo tangu mwanzo kama aliwaona viumbe hao kabla ya watu. Lakini nadharia ya Coyote ina tabia ya kujikinga. Ikiwa akili ya mwanadamu inaweza kumzaa kiumbe, pengine inaweza kumzaa pamoja na historia yake yote, hata akawa na miaka elfu nyingi nyuma yake siku ile ile alipowazwa. Na ukishalikubali hilo, wapo watakaouliza kama Jones naye hakupatikana hivyo hivyo, pamoja na kumbukumbu zake za dunia ikiwa bado moto. Swali hilo ni tamu mno, nami sipingi mtu kuliuliza. Lakini jihadhari, kwa kuwa nadharia inayosema kwamba ushahidi wowote wa zamani huenda ulitengenezwa baadaye haiwezi kukanushwa na ukurasa wowote. Nadharia ya namna hiyo haitabiri kitu. Ukiipenda, iongezee sharti linaloweza kuvunjika. Sema, kwa mfano, kwamba kiumbe aliyezaliwa na hadithi atabadilika iwapo watu wataanza kumsimulia vingine, na kwamba asiyetokana na hadithi hatabadilika. Sasa una kitu cha kukisubiri: kila mara kiumbe wa msituni anapobadilika, tazama kama kuna masimulizi yaliyotangulia badiliko hilo.

Kuhusu majina, yafuatilie lakini usiyafanye hakimu. Wahusika Reynardine, ambaye ni mbweha, na Ysengrin, ambaye ni mbwamwitu, chimbuko lao ni visa vya wanyama vya Ulaya ya karne ya 12, ambamo mbweha humlaghai mbwamwitu mara kwa mara, kama Sungura wetu anavyomfanyia Fisi. Coyote ametoka kwa wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini. Antimoni, inayofanana na jina la Antimony, ni nusu-metali ambayo wanaalkemia waliiita mbwamwitu wa kijivu, kwa jinsi ilivyozila metali nyingine ndani ya dhahabu na kuisafisha. Yote hayo yanafaa kujulikana. Hata hivyo, msomaji aliyetegemea visa vya kale pekee angetabiri kwamba Ysengrin atabaki kuwa mpumbavu wa kulaghaiwa, na asingekuwa tayari kwa ukurasa ambapo Ysengrin anammeza Coyote na kutokea kiumbe kipya, Loup, ambaye jina lake ni neno la Kifaransa la mbwamwitu. Jina hueleza hadithi ilikotoka, si inakokwenda.

Usidharau kurasa za mwanzo kabisa. Sura ya kwanza inaonekana kama kisa chepesi cha Antimony mwenye vivuli viwili, anayeunda roboti la kukivusha kivuli cha ziada darajani, lakini kivuli hicho na roboti hilo havikuishia pale. Tahadhari moja tu: uchoraji wa Siddell umebadilika sana tangu wakati huo, kwa hiyo pua iliyofupika au macho yaliyobadilika umbo si dalili ya chochote isipokuwa mkono uliokomaa.

Unapoandika nadharia yako, weka dai zima katika sentensi moja, taja namba za sura na kurasa unazozitegemea, kisha useme wazi ni tukio gani litakalokulazimisha kuiacha. Weka tarehe. Usiitoe katikati ya sura, maana kwa miaka mingi kurasa zimekuwa zikitoka moja moja, kwa kawaida Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na ukurasa mmoja ukiwa peke yake hupotosha: anayeonekana kufa Jumatatu huenda Ijumaa akawa anakunywa chai. Subiri sura ifungwe.

Ikivunjika, usiifute wala kuipaka rangi mpya ili ionekane ilikuwa ikimaanisha jambo jingine. Ipitishie mstari mmoja, na pembeni uandike namba ya ukurasa ulioivunja. Daftari langu lina mistari kumi na saba ya aina hiyo, na ule wa Jones ndio ninaourudia mara nyingi zaidi, kwani kurasa zilizoiua nadharia ile ndizo zilizonipa nyingine ninayoisubiri hadi leo.