Timu iko Dar, Muscat, London na Toronto: panga saa kwanza

Mwongozo huu ni wa anayesimamia timu akiwa Dar es Salaam, na wenzake wako Muscat, London na Toronto. Miji yako ikiwa mingine, badilisha hesabu. Utaratibu ni uleule. Tunaanza na saa kwa makusudi: ugomvi mwingi unaopachikwa jina la tofauti za utamaduni huanza pale mtu anapongoja kikao peke yake.

Hatua ya 1: Kubalianeni jinsi ya kuandika saa

"Tukutane saa tatu" kwa Mswahili ni asubuhi. Anayeibeba "tatu" hiyo kama ilivyo hadi saa ya Kizungu atafungua kompyuta alasiri. Basi andika mfumo wa saa 24 pamoja na mji: 17:00 Dar (saa 11 jioni). Tarehe nayo hudanganya: 03/04/2026 kwetu ni Aprili, kwa Mmarekani ni Machi. Mwezi uandikwe kwa jina. Na "usiku wa kuamkia Jumatano" iachieni redio.

Hatua ya 2: Tafuta muda unaowafaa wote

Dar ni GMT+3 na Muscat GMT+4, mwaka mzima. London ni GMT, na majira ya joto +1. Toronto ni −5, kisha −4. Kikao cha 17:00 Dar kinakuwa 18:00 Muscat, 14:00 au 15:00 London, na 09:00 au 10:00 Toronto. Anayeumia ni wa Muscat, kwa hiyo siku hiyo aanze kazi saa mbili baadaye. Kikao cha wote kiwe kimoja kwa wiki, dakika 45.

Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, wengine Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo siku za pamoja ni Jumatatu hadi Alhamisi tu. Ukiandika Alhamisi jioni "nijibu ndani ya siku mbili", kila mtu atahesabu siku zake. Taja tarehe na saa.

Hatua ya 3: Mwaliko ufuate saa za Afrika Mashariki

Kwenye kalenda, chagua saa za Afrika Mashariki unapoandaa kikao cha kujirudia. Ukichagua za Toronto, kikao kitahama Dar na Muscat mara mbili kwa mwaka. Toronto husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba; London ni Jumapili za mwisho za Machi na Oktoba. Mwaka 2026 Toronto ni Machi 8, London Machi 29. Wiki hizo tatu katikati, tofauti yao ni saa 4 badala ya 5, na aliyezoea kuhesabu kichwani hukosea. Tuma ukumbusho Alhamisi kabla ya kila badiliko.

Ramadhani ya Februari na Machi huharibu mpango huu: 18:00 Muscat ni dakika chache kabla ya futari. Rudisha kikao 15:00 Dar, na wa Toronto, ambako bado ni alfajiri au asubuhi mapema, apewe rekodi na nafasi ya kujibu kwa maandishi.

Hatua ya 4: Usiridhike na "sawa"

"Nitajitahidi" mara nyingi ni hapana iliyovikwa adabu, lakini Toronto wanaiandika kwenye ratiba kama ahadi. Mwingereza naye akisema wazo lako "linavutia", usishangilie mapema.

Usiulize "umeelewa?" Nani atajibu hapana mbele ya wenzake? Mwombe aandike mistari mitatu: atakachokabidhi, lini, na kinachoweza kumkwamisha. Wa tatu ndio wenye thamani, maana unampa njia ya kutaja tatizo bila kuonekana anakataa kazi. Akiandika "hakuna", mpigie simu.

Kikaoni, bosi aseme mwisho. Aliyelelewa kutompinga mkubwa hadharani hatafungua mdomo akishajua msimamo wako. Maoni yakusanywe kwa maandishi siku moja kabla.

Salamu zisifutwe, ila zisitumwe peke yake. Anayeandika "habari za asubuhi" akangoja ajibiwe ndipo aseme shida, hali Toronto wamelala, amepoteza siku nzima. Salamu, shida na swali viende katika ujumbe mmoja.

Hatua ya 5: Makabidhiano ya kufunga siku

Kila anayemaliza zamu aandike kilichokamilika, kilichobaki, kinachokwamisha, na jina la anayepokea. Jina likikosekana, kazi italala hadi kesho.

Saa moja ya video inaweza kula zaidi ya GB 1, kwa hiyo kamera isiwe lazima, na bando lilipwe na kampuni. Teua pia atakayeendesha kikao umeme ukikatika Dar, na umpe mamlaka ya kukifungua kwenye programu. La sivyo wote watabaki kwenye ukurasa wa kusubiri wakitazamana na jina lako.