Uzio Usiobomolewa: Mipaka, Kibali na Vipimo vya Ukuta Tanzania

Kuta nyingi zinazobomolewa mijini hazikujengwa vibaya, zilijengwa mahali pasipo pake. Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, tafuta bikoni, yaani mawe ya mpaka.

Kwenye kiwanja kilichopimwa, kila kona ina jiwe la mpaka lenye namba, na namba hizohizo zimo kwenye ramani iliyoambatanishwa na hati. Zilinganishe. Jiwe likikosekana, usikadirie kwa hatua za miguu wala kwa kauli ya jirani. Mlete mpima aliyesajiliwa alirudishe. Kung'oa au kusogeza bikoni ni kosa kisheria, hata kama fundi wako anasema linamzuia kuchimba. Kwenye eneo lisilopimwa, waite majirani wa pande zote pamoja na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mkubaliane mstari, mwandike na kila mmoja asaini. Karatasi hiyo ndiyo utakayoshika siku mkifika Baraza la Kata.

Kisha barabara. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi (eneo la barabara usiloruhusiwa kujenga) ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5, na bado wapo wanaopima kwa kipimo hicho cha zamani. Wengine huanzia ukingoni mwa lami: kama lami ina upana wa mita 7, tayari umekosea mita 3 na nusu. TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, wakipita na rangi, X nyekundu ukutani ina maana wewe umeifuata barabara, hulipwi; ya kijani ina maana barabara imekufuata wewe, unastahili fidia. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nazo upana wake uangalie kwenye mchoro wa mipango miji. Ukitaka kuweka karavati (kivuko cha bomba au zege) juu ya mtaro ili gari lipite getini, waombe kwanza. Karavati jembamba huziba kwa takataka mvua ya kwanza, na maji yote yanaingia kwako. Ufukweni, ziwani na kando ya mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Uzio wa tofali unahitaji kibali cha halmashauri, ingawa watu hudhani kibali ni cha nyumba tu. Kwa kawaida utadaiwa mchoro, nakala ya hati au ofa (barua ya kumilikishwa kiwanja), na risiti ya kodi ya ardhi. Mchoro uoneshe urefu wa ukuta kwenda juu na geti linalofungukia ndani au la kusukuma pembeni. Geti linalofungukia barabarani ni ugomvi wa kila asubuhi.

Sasa kamba. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Ukuta wa tofali za inchi 6 una unene wa sentimita 15, lakini msingi wake una upana wa 45. Kamba ikifungwa bikoni kwa bikoni na ukuta ukasimama juu yake, msingi unaingia kwa jirani. Hakuna atakayeuona mpaka siku atakapochimba shimo la choo. Chora mstari wa katikati ya ukuta angalau sentimita 25 ndani ya mpaka. Kama mnajenga ukuta wa pamoja, unaweza kukaa katikati ya mpaka, ila muandikiane nani analipa nini, matengenezo yakiwemo.

Chukua upande wa mita 30 wenye ukuta wa mita 2. Chimba sentimita 60 au zaidi, mpaka ufikie udongo mgumu. Mimina zege la sentimita 15 kwa 1:3:6, yaani saruji moja, mchanga tatu, kokoto sita. Litakula mifuko 9 hivi ya saruji. Chini ya ardhi laza mistari miwili ya tofali, juu simamisha mistari minane. Jumla ni tofali 650, ongeza 40 za kuvunjika. Tofali ukilikwaruza kwa msumari likamwaga mchanga, lirudishe. Nguzo kila mita 3, zege 1:2:4, nondo 4 za milimita 12, ringi (vyuma vyembamba vya kuzifunga nondo) kila sentimita 20. Nondo zianzie kwenye msingi. Nguzo iliyochomekwa juu ya tofali ni pambo tu. Katikati ya upande acha mwanya wa sentimita 2 kati ya nguzo mbili, ukuta upate pa kutanukia juani. Juu funga mkanda wa zege, na umwagilie maji siku 7.

Kwenye mteremko weka bomba la inchi 3 kila mita 3 usawa wa ardhi. Ukuta usio na matundu hugeuka bwawa, na maji yaliyokusanyika ndiyo huuangusha. Lakini usiyaelekeze uani kwa jirani.

Baadaye soma nyufa. Ufa unaopanda ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali unasema msingi umetitia. Kupiga plasta juu yake ni kuficha tu. Ufa ulionyooka wima kati ya nguzo ni wa mtanuko. Plasta inayobanduka chini, yenye unga mweupe, ni chumvi: ama mchanga ulitoka baharini, ama unyevu unapanda. Ibandue, acha pakauke, kisha upige upya kwa mchanga wa mtoni.

Kama fedha haitoshi, uzio wa minyaa unatosha kabisa. Kata vipande, viache kivulini siku moja utomvu ukauke, kisha panda karibu karibu. Wakati wa kupogoa vaa miwani, kwani utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Upogoe kila mara matawi yanapovuka mpaka.